Kumvalisha fundi miwani kabla bomba halijachomelewa: mwongozo wa uhalisia pepe kwa utafiti wa uhandisi kati ya chuo na kiwanda

Idara ya uhandisi ikipata fedha za uhalisia pepe, yaani teknolojia ya kuvaa miwani na kujiona ndani ya mahali palipochorwa kwa kompyuta, mara nyingi safari huanzia dukani. Miwani hununuliwa, hufunguliwa mbele ya wageni, wakuu huvalishwa mmoja baada ya mwingine na kupigwa picha wakipapasa hewa, halafu vifaa hurudi kabatini kumsubiri mgeni mwingine. Mwongozo huu ni wa mhadhiri, mwanafunzi wa uzamili au mhandisi wa kiwanda anayetaka miwani hiyo ifanye kazi ya kipimo: ijibu swali la usanifu ambalo mchoro umeshindwa kulijibu, na jibu liweze kutetewa mbele ya meneja na mbele ya mtahini.

Teknolojia yenyewe ina umri. Ivan Sutherland alionyesha kifaa chake cha kuvaa kichwani mwaka 1968, na mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, wakaleta CAVE, chumba ambacho kuta zake ni skrini na mtu husimama katikati ya picha. Kwa miaka mingi vyumba vya namna hiyo vilikuwa vya vyuo tajiri na makampuni ya magari na ndege. Leo miwani inayojitegemea, isiyohitaji kompyuta wala nyaya, inauzwa kwa bei ya simu nzuri. Kwa hiyo kikwazo cha vyuo vyetu si bei ya miwani tena. Kazi ngumu iko kwenye hatua ambazo hazionekani kwenye picha za uzinduzi.

Nitatembea na mfano mmoja wa kubuni ili maelezo yasielee: kiwanda cha sukari kinataka kuongeza hita ya juisi ya miwa na pampu mbili ndani ya jengo la zamani lililojaa mabomba. Mwenye kiwanda cha saruji, kituo cha kusukuma maji au kituo cha jotoardhi atabadilisha majina ya mitambo tu.

Hatua ya 1: Tafuta swali linalohitaji mwili wa mtu

Uhalisia pepe una nguvu pale ambapo jibu linategemea urefu wa mkono, upeo wa jicho, kuinama, kujipenyeza au kupishana. Je, fundi atafikia valvu akiwa amesimama sakafuni, au atalazimika kupanda juu ya bomba? Mirija ya hita ikitakiwa kubadilishwa, kuna nafasi ya kuichomoa yote, au itagonga boriti? Cheni bloku itaning'inizwa wapi siku mota ya pampu inapotolewa? Mwendesha mtambo anaweza kuisoma geji huku mkono wake ukiwa kwenye valvu?

Swali la mirija ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu kwenye mchoro wa pande mbili hita huonekana imekaa vizuri kabisa. Inaingia kwenye nafasi yake na bado pembeni kuna uwazi. Lakini mirija ya mita 4 inahitaji karibu mita 4 nyingine za uwazi upande inakotokea, na nafasi hiyo haina rangi wala mstari kwenye mchoro. Mtu wa mabomba huiona tupu, akapitisha hapo bomba la mvuke. Kosa huja kugundulika miaka baadaye, siku ya matengenezo.

Kuna maswali ambayo miwani haiyasaidii. Mkazo ndani ya chuma, mtiririko wa juisi, uhamishaji wa joto: hayo yana programu zake za hesabu, na kuyatazama matokeo yake kwa rangi ndani ya miwani hakuongezi usahihi hata chembe. Ipo programu huria ya ParaView inayoweza kuonyesha matokeo hayo kwa uhalisia pepe, na kwa mtiririko uliojisokota inasaidia macho kuelewa, lakini usimwahidi mwenye kiwanda zaidi ya hapo.

Swali zuri halipatikani ofisini. Meneja atakuambia anataka "mafunzo ya kisasa" au "kiwanda cha kidijitali". Shuka karakana, ukae na mafundi wakati wa chai, umwulize mkubwa wao: "Mzee, kazi gani humu ndani mkisikia imetokea mnaguna wote?" Jibu lake ndilo mada yako ya utafiti.

Hatua ya 2: Andikeni kwanza, pigeni picha baadaye

Hati ya makubaliano ya jumla, ile inayosainiwa na makamu mkuu wa chuo mbele ya kamera, haitoshi. Unahitaji mkataba wa mradi huu, mfupi, wenye majibu ya mambo manne: nani anamiliki modeli ya kiwanda, nani anamiliki programu mtakayoiandika, nini kinaweza kuchapishwa, na kiwanda kina siku ngapi za kupitia andiko kabla halijatoka. Siku 30 ni muda wa busara. Kama hakuna kikomo, tasnifu ya mwanafunzi inaweza kukaa mezani kwa mtu hadi ufadhili uishe.

Kipengele cha kuchapisha kipiganie mapema. Kiwanda kina haki ya kuficha mpangilio wa mitambo yake, na wewe una haki ya kuchapisha mbinu na matokeo ya jaribio. Njia ya kati ipo: chapisha ukiwa na modeli iliyobadilishwa, isiyo na nembo, isiyo na namba za mitambo.

Angalia pia leseni za programu za usanifu. Leseni za wanafunzi na za kufundishia kwa kawaida zinakataza kazi ya kibiashara, na mradi unaolipiwa na kiwanda unaweza kuhesabiwa hivyo. Ama nunua leseni inayofaa, ama fanya kazi kwa FreeCAD ya kusanifu, Blender ya kuunda maumbo na Godot ya kujenga mandhari, ambazo ni huria na hazina kikwazo hicho.

Halafu kuna watu. Utakuwa unawapima mafundi, kwa hiyo unahitaji kibali cha maadili cha chuo, na pengine kibali cha utafiti cha taifa: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, UNCST kwa Uganda. Ofisi ya utafiti ya chuo chako itakuambia kipi kinakuhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zinagusa kazi hii moja kwa moja, kwa sababu miwani hurekodi kila mtikisiko wa kichwa na mikono. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba data ya mienendo isiyofika dakika tano ilitosha kumtambua mtu mmoja kati ya 511 kwa usahihi wa takriban asilimia 95. Kufuta jina la fundi kwenye faili, kwa hiyo, hakumfichi. Sema hivyo kwenye fomu ya ridhaa, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na uandike ni lini data ghafi itafutwa.

Hatua ya 3: Vifaa, bila mbwembwe

Kwa maabara inayoanza, miwani 2 zinazojitegemea na kompyuta 1 yenye kadi nzuri ya grafiki zinatosha. Miwani ya pili ni ya akiba, na ni ya mtu wa pili kwenye kikao. Meta Quest 3, iliyotoka mwaka 2023, ina pikseli 2064 kwa 2208 kwa kila jicho na uzito unaozidi kidogo nusu kilo. Betri yake hudumu takriban saa 2, kwa hiyo pawabenki yenye waya mrefu si anasa.

Mambo madogo ndiyo huangusha siku ya jaribio:

- Miwani nyingi hudai akaunti na masasisho kupitia intaneti. Zisasishe chuoni, kwenye mtandao mzuri, siku moja kabla, kisha zijaribu zikiwa zimekatwa intaneti kabisa.
- Usiache lenzi zikitazama jua, hata kwa muda mfupi, hata ndani ya gari. Lenzi hukusanya mwale na kuunguza skrini ya ndani, na doa hilo halitoki.
- Kamera za miwani hujipima nafasi kwa kutazama chumba. Ukuta mweupe mtupu, kioo kikubwa au giza huzichanganya. Bandika mabango, washa taa, funga pazia.
- Tafuta eneo huru la mita 2 kwa 2 au zaidi, na liwe chumba cha mikutano au cha mafunzo. Mtu aliyeziba macho hasimami karibu na mtambo unaozunguka, hata kama meneja anasema hapo ni salama.
- Futa lenzi kwa kitambaa kikavu laini. Spiriti huharibu utando wa lenzi. Tumia dawa kwenye mito ya usoni tu, au weka mito inayobadilishwa kwa kila mtu.

Na fikiria vichwa vya watu halisi. Mikanda ya miwani hii haikubuniwa ikifikiria mtandio, kilemba, rasta au misuko mikubwa. Jaribu mikanda tofauti mapema na weka kioo na faragha kwa anayehitaji kujipanga. Anayevaa miwani ya macho apewe kipande cha kuongeza nafasi ili lenzi zisikwaruzane. Rekebisha pia umbali kati ya lenzi uendane na mboni za kila mshiriki na uuandike, maana anayetazama kupitia lenzi zisizolingana na macho yake ataona ukungu, kichwa kitamuuma, na wewe utadhani tatizo ni modeli.

Hatua ya 4: Leta kiwanda ndani ya kompyuta

Hapa ndipo muda wa mradi unapoliwa, kwa hiyo panga ratiba ukijua hivyo. Kiwanda kipya kina faili za usanifu. Omba za umbizo la STEP, ambalo programu nyingi huweza kulisoma. Kiwanda cha zamani kina michoro ya karatasi iliyokunjwa miaka mingi, na mabomba yaliyoongezwa na mafundi bila mchoro wowote. Usiamini mchoro wa zamani. Kapime.

Njia za kupima ni tatu, na tofauti zake ni za usahihi na pesa. Skana ya leza ya kusimamishwa kwenye tripodi hutoa wingu la nukta, yaani nukta nyingi zinazochora umbo la mahali, lenye usahihi wa milimita. Ni ghali, lakini makampuni ya upimaji hukodisha pamoja na mpimaji wake, na idara ya upimaji ardhi ya chuo chako huenda inayo tayari. Fotogrametria, yaani kujenga umbo kutokana na picha nyingi zinazopishana, inaweza kufanyika kwa kamera ya kawaida na programu huria kama Meshroom au COLMAP. Simu zenye leza ndogo hutoa umbo la haraka lenye makosa ya sentimita: zinafaa kuonyesha ukuta uko wapi, hazifai kuamua kama spana itaingia.

Kwenye fotogrametria kila picha ipishane na jirani yake kwa asilimia 60 hadi 80, na mwanga usibadilike katikati ya kazi. Chuma kinachong'aa ni adui, kwa sababu mng'ao huhama kila unapohama, na programu haipati nukta ya kushika. Bandika alama za karatasi kwenye mabomba hayo, kwa ruhusa, na uzihesabu wakati wa kuzibandika na wakati wa kuzibandua. Kwenye kiwanda cha chakula stika iliyodondokea kwenye tangi inaweza kuumaliza uhusiano wenu.

Picha peke yake haijui mita. Weka fito ulizozipima kwa futi, angalau mbili na zielekee pande tofauti, kisha tumia ya kwanza kupanga ukubwa wa modeli na ya pili kuuhakiki.

Kuhusu wakati: viwanda vyetu vya sukari husimamisha usagaji msimu wa masika, takriban Machi hadi Mei, kwa matengenezo. Huo ndio wakati mitambo iko wazi na imepoa, lakini ndio pia wakati kila fundi ana kazi na kila kibali cha kazi kina foleni. Omba nafasi miezi kadhaa kabla, nenda na viatu vya usalama na helmeti yako mwenyewe, na mkubaliane na afisa usalama nani atakusindikiza. Mtafiti anayeazima helmeti kila siku husahaulika kualikwa tena.

Baada ya hapo kuna kazi ya kupunguza. Faili la usanifu la hita moja linaweza kuwa na mamilioni ya pembetatu, vipande vidogo ambavyo kompyuta huvitumia kuchora umbo, maana kila uzi wa boliti umechorwa. Miwani inayojitegemea hubeba kwa raha laki kadhaa hadi kama milioni moja za pembetatu kwa eneo zima linaloonekana. Ondoa nyuzi za boliti, ondoa sehemu za ndani zisizoonekana, unganisha mabomba ya mbali yawe kitu kimoja. Kisha simama kidogo kabla hujapunguza eneo la swali lenyewe. Kama unachunguza kubadilisha gasketi ya flanji, boliti za flanji ile zibaki zote, kwa ukubwa wake halisi, pamoja na nafasi ya spana kuzunguka. Programu za kupunguza pembetatu zenyewe hazijui ni boliti ipi ina maana. Ukiziachia kila kitu zitalainisha kile kile ulichokuja kukitafiti.

Makosa mawili ya uhamishaji hutokea karibu kila mara. Faili la usanifu hutumia milimita wakati injini ya uhalisia pepe, yaani programu inayoendesha mandhari, hutumia mita, basi hita inafika ikiwa na urefu wa mlima. Na programu nyingi za usanifu huhesabu mhimili wa Z kuwa ndio unaokwenda juu, ilhali Unity, mojawapo ya injini hizo, huhesabu Y, basi hita inafika imelala. La kwanza unaliona mara moja. La hatari ni lile dogo, pale sehemu moja iliyochorwa kwa inchi imeingia kama milimita na ikajificha nyuma ya nyingine.

Hatua ya 5: Jenga mandhari

Unity, Unreal na Godot zote zinaweza. Chagua ile ambayo kuna mtu idarani anaijua, kwa sababu msaada wa jirani una thamani kuliko orodha ya sifa. Unachotakiwa kukisisitiza ni OpenXR, kiwango cha wazi cha kuunganisha programu na miwani za kampuni mbalimbali, kilichotolewa na muungano wa Khronos mwaka 2019, ili kazi yako isife siku kampuni ya miwani yako inapobadilisha mawazo.

Kasi ya picha haina mjadala. Kwa miwani ya fremu 72 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 13.9 za kuchorwa. Kwa fremu 90 ni milisekunde 11.1. Ukizidisha, picha inachelewa nyuma ya kichwa na tumbo la mshiriki litakuambia. Afadhali kivuli kipungue kuliko fremu ziruke.

Kutembea ndani ya modeli kufanyike kwa miguu halisi kadiri chumba kinavyoruhusu. Kwa umbali mrefu, mruhusu mtu aelekeze rimoti na kuhamia pale papo hapo. Kuteleza mfululizo kwa kijiti, kama michezo ya vijana, ndiko kunakowatapisha watu wazima waliovaa miwani kwa mara ya kwanza, na mafundi wazuri wengi ni watu wazima. Maandishi yote yawe ya Kiswahili cha karakana: valvu, flanji, cheni bloku. Fundi akikutana na istilahi ya kamusi atasimama kuitafakari, na wewe utakuwa unapima usomaji.

Hatua ya 6: Hakiki modeli kabla ya kumwita mtu

Chagua vipimo kama kumi vya kiwanda halisi, vya wima na vya mlalo, vifupi na virefu. Vipime kwa futi kiwandani, kisha kwa futi ya kidijitali ndani ya miwani. Tofauti uiandike kwenye jedwali na jedwali liende kwenye andiko. Kama tofauti kubwa ni sentimita 3, huna haki ya kusema chochote kuhusu uwazi wa sentimita 2.

Usitumie macho kama kipimo. Ni jambo lililochunguzwa sana kwamba watu waliovaa miwani hukadiria umbali kuwa mfupi kuliko ulivyo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuta wastani wa kukadiria wa karibu robo tatu tu ya umbali wa kweli. Miwani mpya ni bora kuliko za wakati ule, ila tabia hiyo haijaisha. Swali kama "unaona panatosha?" halina thamani ya kisayansi. Mpe fundi kazi aifanye, na programu irekodi mkono ulifika wapi.

Kuna pengo jingine lisilozibwa na programu: chuma cha pepe hakina uzito, na mkono hupenya bomba bila kuumia. Kwa sehemu muhimu, jenga mfano wa mbao na mabomba ya PVC mahali pale pale modeli inapoonyesha bomba, ili kiwiko kikigonga kigonge kweli. Seremala wa chuo ataimaliza kazi hiyo kwa gharama ndogo, na matokeo yako yataaminika zaidi kuliko ukinunua glovu za bei mbaya.

Hatua ya 7: Jaribio na watu

Walete wanaoifanya kazi: mafundi mchundo, mafundi sanifu, waendesha mitambo wa zamu tofauti. Wanafunzi wa mwaka wa tatu ni rahisi kuwapata, lakini hawajawahi kubadilisha gasketi saa nane usiku. Watumie kwenye majaribio ya awali ya programu, si kwenye matokeo.

Tafuta pia miili tofauti. Sanamu za watu zinazokuja na programu nyingi za usanifu zimetokana na vipimo vya Marekani na Ulaya, baadhi vikiwa vya wanajeshi. Hakuna sababu ya kuamini kwamba mkono wa mwanajeshi wa Marekani unafikia pale pale na mkono wa mama anayeendesha mtambo Kilombero. Pima urefu wa mwili, urefu wa mkono na kimo cha bega cha kila mshiriki. Ukikusanya vipimo hivyo kwa uangalifu, tayari una jambo la kuchapisha hata kabla ya kufika kwenye hita.

Mpango unaofanya kazi ni huu. Pandikiza kwenye modeli makosa unayoyajua: valvu iliyo juu mno, geji iliyogeuzwa, bomba lililokatiza njia ya mirija. Kundi moja likague kwa michoro ya karatasi, jingine kwa miwani. Au kila mtu afanye vyote kwa seti mbili tofauti za makosa, nusu wakianza na karatasi na nusu na miwani. Hesabu makosa yaliyopatikana, muda uliotumika, na pia makosa ya uongo, yaani vitu sahihi vilivyoitwa vibovu. Wengi husahau hilo la mwisho, kumbe miwani inaweza kumfanya mtu aone kila kitu kimebana.

Kabla ya kazi, mpe kila mshiriki muda wa kuizoea miwani kwenye chumba cha kawaida kisichohusu utafiti. Vinginevyo utapima mshangao. Kipindi kisizidi dakika 15 hadi 20.

Kwa kichefuchefu tumia dodoso la dalili 16 lililochapishwa mwaka 1993 na Kennedy na wenzake, kabla na baada. Kwa uzito wa kazi akilini kuna NASA-TLX yenye vipengele 6, na kwa urahisi wa kutumia mfumo kuna dodoso la Brooke la mwaka 1996 lenye kauli 10. Zote zinahitaji tafsiri makini: mtu mmoja atafsiri kwenda Kiswahili, mwingine asiyeona asili airudishe Kiingereza, mlinganishe. Kisha zisome mbele ya fundi mmoja na umwombe aeleze kila swali kwa maneno yake.

Usalama wa mtu uko juu ya data. Mwenye historia ya kifafa asivae. Akisema kizunguzungu, unavua hapo hapo, hata kama imebaki dakika moja. Baada ya kipindi akae, anywe maji, na asipande ngazi wala kuendesha pikipiki mpaka akili itulie, ikibidi msafirishe. Na bosi wake asiwe chumbani. Fundi hatasema mbele ya meneja kwamba usanifu wa meneja ni mbovu, na akikaa kimya wewe utaandika kwamba hakuna tatizo. Posho iwe ya muda na nauli, sawa kwa wote, bila kujali amejibu nini.

Hatua ya 8: Kikao cha uamuzi

Sasa ndipo meneja, mhandisi msanifu na mkandarasi wavae. Kikao kiwe na ajenda ya makosa yaliyopatikana, moja baada ya jingine, kila moja likiwa na namba ya mtambo, mahali kwenye modeli, na jina la atakayelirekebisha. Mtu mmoja abaki nje ya miwani akiandika. Bila mwandishi, kikao cha uhalisia pepe huisha kwa watu kusema "aisee" na kutawanyika.

Kama msanifu yuko Nairobi na kiwanda kiko Morogoro, mnaweza kukutana ndani ya modeli moja. Usijaribu kutiririsha picha. Nakala ya modeli ikae kwenye miwani ya kila upande, na mtandaoni zipite taarifa za mahali vilipo vichwa na mikono tu, data ndogo inayovumilia hata intaneti ya simu. Sauti mnaweza kuipitisha kwenye simu ya kawaida pembeni, maana ikikatika sauti kikao kimekufa, ila mkono ukigandia sekunde mbili hakuna anayejali. Kabla ya kuanza, hakikisheni nyote mna toleo lile lile la modeli. Namba ya toleo iandikwe kwa herufi kubwa ukutani ndani ya mandhari yenyewe.

Mabadiliko yanayokubaliwa yarudi kwenye michoro rasmi kupitia utaratibu wa kiwanda wa kubadilisha usanifu. Modeli ya miwani isiwe na mabadiliko ambayo mchoro hauna, kwa kuwa mchomeleaji atafuata mchoro.

Hatua ya 9: Kukabidhi, kisha kurudi na futi

Kiwanda kikabidhiwe modeli kwa STEP na glTF (umbizo la wazi la modeli za pande tatu), ambazo zitafunguka hata baada ya programu yenu kusahaulika, pamoja na ukurasa mmoja wa maelekezo na mtu wao mmoja aliyefundishwa kuiwasha bila kuwapigia simu. Chuoni ibaki data ya jaribio iliyoruhusiwa, msimbo, na jedwali la usahihi.

Andikeni kwenye mkataba wa mwanzo kwamba mtarudi baada ya ujenzi. Hita ikishafungwa, pimeni upya vipimo vile vile, na msimu wa kwanza wa matengenezo muwe pale mirija inapochomolewa au gasketi inapobadilishwa. Linganisheni muda halisi na uliotabiriwa, kiwiko kilipogonga na pale miwani ilipoonyesha kitagonga, na matatizo yaliyojitokeza ambayo hakuna aliyeyaona ndani ya modeli. Jambo hilo la tatu, la matatizo yaliyopita bila kuonekana, litiwe kwenye andiko hata kama mwenza wenu wa kiwandani angependa lisiwepo. Kipengele cha siku 30 mlichokisaini kinamruhusu kuondoa jina la kiwanda, hakimruhusu kuondoa matokeo.